Mto Usiojaa

Kwenye bac ya Ituri, tarehe 15 Januari 1978

Binti yangu Hélène,

Nakusalimu sana. Najua shuleni wamekuandika Kavira tu, kwa kuwa majina ya ubatizo yamekatazwa na serikali, lakini karatasi hii ni yangu na hakuna inspecteur atakayeisoma. Mimi ni mzima. Maji ya mto yako chini. Mchanga umetokea katikati, na bac, kivuko chetu, inavuka polepole isije ikakwama.

Umesema jiografia inakusumbua, na mtihani wa serikali ni mwezi wa sita. Mtoto wa chef de poste, mkuu wa bac, ashindwe jiografia, tutamwambia nani? Basi sikiliza. Mvua ikinyesha Bunia, maji yanagawana njia. Yanayoangukia upande wa jua kuzama yanaingia Shari, na Shari inaingia Ituri. Ituri inapita hapa miguuni pangu, inaingia msituni, mbele kule inabadili jina na kuitwa Aruwimi, halafu inajitupa katika mto Zaïre. Yale ya upande wa pili yanashuka milima mpaka ziwani, na kutoka ziwani yanakwenda zake Misri. Mvua ni ile ile moja, wingu moja. Andika hivyo, mwalimu atafurahi.

Sikuja Noeli kwa sababu kazi ya bac ni nyingi. Na wewe usije huku, barabara ni mbaya sana. Assani, yule dereva wa kamyo, ndiye atakayeleta barua zangu na kuchukua zako. Msalimie Mama Brigitte unayekaa kwake, na umsaidie kazi bila kungoja akuite.

Baba yako,
Katsuva

*

Bunia, 16 Januari 1978

Yaya Alphonsine, dada yangu mkubwa,

Usishtuke kuona neno Bunia hapo juu. Niko hapa tangu mwezi wa kumi na moja, ndani ya cachot, gerezani. Kutoka hapa naisikia kengele ya shule ya Hélène.

Utakuwa umesikia kwamba bac yetu ilizama, ila huko Butembo hawatakuwa wamekuambia ilivyozama. Mto ulikuwa umejaa mpaka kwenye mizizi ya miti. Nikafunga bac, kama sheria inavyosema. Jioni mkubwa mmoja wa serikali ya zone akaniita kwa phonie, ile redio ya posti. Alikuwa na kamyo ya kahawa upande wa pili, kahawa yake mwenyewe, iliyokuwa ikienda kuuzwa ng'ambo ya mpaka kupitia Aru. Nikamwambia maji hayavukiki. Akanijibu, "Vusha leo. Maji iko maji tu." Nikavusha. Kamba ya chuma ikakatika katikati ya mto. Vijana wangu wawili wa upondo, Kule na Alexis, hatukuwapata mpaka leo. Kesho yake yule mkubwa akaandika kwamba chef de poste alivusha kwa kichwa chake, amelewa. Wewe unajua kwamba mimi sinywi.

Hakuna aliyenihukumu. Wanasema dossier, faili yangu, inatembea. Aliyesikia ile amri ni mimi peke yangu, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Hélène asijue. Akijua ataacha shule ili anilishe, namfahamu, ana moyo wa mama yake. Nilimwahidi marehemu Adèle kwamba mtoto atapata diploma, na ni miezi mitano tu imebaki. Namwandikia kama niko mtoni. Assani amekubali kunisaidia. Nawe nisaidie kwa kunyamaza.

Mdogo wako,
Katsuva

*

Bunia, 29 Januari 1978

Baba yangu mpendwa,

Barua imefika, na somo limefika. Nimelisema mbele ya darasa, mwalimu akauliza nani kanifundisha. Nikasema ni mtu anayekaa na huo mto.

Nimefikiria kitu. Kama maji ya huku yanaingia Shari na Shari inaingia kwako, basi maji tuliyofulia nguo za Mama Brigitte leo asubuhi yatapita kwako. Ukiona povu, ujue ni mimi.

Kila Jumamosi tunafanya salongo, tunafyeka na kufagia mji. Mikono yangu imekuwa ya mkulima. Nakukumbuka sana, Baba. Noeli bila wewe niliona ndefu.

Mtoto wako,
Hélène

*

Bunia, 12 Februari 1978

Shangazi yangu Alphonsine,

Jana salongo ilitupeleka kufyeka majani kando ya kijito cha Nyamukau. Wakapita wafungwa wanakwenda kuchota maji, mlinzi mbele na mlinzi nyuma. Wa mwisho alikuwa Baba. Nilimjua kwa bega lake la kulia linalotangulia, lile lililozoea kuvuta kamba ya bac. Nikajitupa chini nyuma ya majani. Sikumwonea aibu, Shangazi, usifikiri hivyo. Niliogopa tu kwamba akijua nimemwona katika hali ile, hatainua tena uso mbele yangu.

Mlinzi mmoja, Roger, anakaa jirani na Mama Brigitte. Nimemwuliza, ameniambia yote. Ameniambia pia kwamba cachot haipiki. Mfungwa anakula kile ndugu zake wanacholeta mlangoni, na asiye na ndugu anangoja akina mama wa kanisa, ambao huja Jumapili moja tu kwa mwezi. Baba ana ndugu gani hapa Bunia zaidi yangu? Na mimi ananiandikia juu ya mchanga na bac.

Basi leo nimeanza kupika. Kila Jumatano na Jumapili nitampa Roger sahani, ile ya bati yenye maua mekundu ya Mama Brigitte. Nimemwapisha asiseme imetoka kwa nani. Baba anataka niamini yuko mtoni, nami nitaamini mpaka siku atakapotoka. Diploma nitaipata, nitaiweka mkononi mwake, hapo ndipo tutazungumza.

Nakuomba, Shangazi, usimwambie kwamba najua. Itamvunja.

Hélène

*

Butembo, 3 Machi 1978

Kavira, mwanangu,

Mimi nilijua kabla yako. Baba yako aliniandikia na kuniapisha, sasa na wewe umeniandikia na kuniapisha. Mmenifanya sanduku, kila mmoja anatia siri yake na kuondoka na ufunguo. Watu wa huku wanajua mdomo wangu ulivyo, wakisikia nimenyamaza kwa ajili ya watu wawili kwa mara moja watasema nimekaribia kufa.

Lakini sawa, nitanyamaza. Umefanya vizuri, na sikujua kama umekua hivyo. Nimelia, nikaenda sokoni, nikalia tena huko mbele ya wauza vitunguu.

Sasa sikiliza mambo ya jikoni. Sombe ya baba yako, yale majani ya muhogo, itwangwe mpaka ilainike kabisa. Mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, karanga za kusaga, kipande kidogo cha makayabu, samaki wa chumvi. Kitunguu usitie. Hivyo ndivyo mama yetu alivyopika. Akionja tu atajua ni mkono wa kwetu, naye atanyamaza na kula, na moyo wake utatulia. Huna haja ya kutaja jina.

Ningekuja mwenyewe, ila kiuno changu hakipandi tena kamyo.

Shangazi yako,
Alphonsine

*

Kwenye bac ya Ituri, 20 Machi 1978

Binti yangu,

Leo ni somo la utawala. Nchi imegawanywa katika région, na yetu ni Haut-Zaïre, makao yake Kisangani. Région ina sous-région, na yetu ni Ituri, makao yake Bunia hapo ulipo. Sous-région ina zone, nazo ni Aru, Mahagi, Djugu, Irumu na Mambasa. Zone ina collectivité, na collectivité ina localité, na chini ya localité kuna watu. Wakikuuliza amri inatoka wapi, sema inatoka juu na kushuka. Wakikuuliza lawama inakwenda wapi, hiyo haimo katika programu.

Usiandike hilo la mwisho. Ni mzaha wa mzee.

Maji bado yako chini na mchanga unaonekana. Nakula samaki mpaka nawachoka. Jana wavuvi wameniletea mmoja mkubwa, tukamchoma pale chini kwenye bandari. Nimenenepa kidogo, ukiniona utanicheka.

Soma, mama yangu. Ukiona usingizi, nawa uso na maji baridi uendelee.

Baba yako,
Katsuva

*

Bunia, 9 Aprili 1978

Baba yangu mpendwa,

Zone zote nimezishika, na collectivité pia. Lile la lawama sikuandika, ila nililifikiri siku nzima.

Nina swali moja la mwanafunzi. Huku mvua inanyesha kila mchana tangu mwezi uliopita, Shari imepanda mpaka mashambani, na wewe unaniandikia kwamba mchanga unaonekana. Mto wako haujai, Baba? Usinijibu kama kazi ni nyingi. Nimefurahi kusikia unakula vizuri. Kula, tafadhali. Kila ukipata chakula, kula na umalize, hata kama hakina ladha ya nyumbani.

Mtoto wako,
Hélène

*

Bunia, 16 Aprili 1978

Shangazi,

Nakuletea furaha kidogo. Sahani inarudi safi. Kila Jumatano na kila Jumapili nampelekea Roger ikiwa imejaa, bugali na sombe kama ulivyonifundisha, na kila mara inarudi tupu, tena imeoshwa, imeng'aa kuliko nilivyoipeleka. Mama Brigitte anasema mtu anayeosha sahani ndani ya cachot amelelewa na mama wa kweli.

Roger si msemaji, lakini nilipomwuliza Baba yuko namna gani alisema uso wake umejaa, na miguu pia. Nilicheka peke yangu jikoni. Baba ameniandikia kwamba amenenepa kwa samaki wa mtoni, kumbe si samaki, ni sombe yako hiyo. Nimeongeza karanga.

Sijamwona tena tangu siku ile ya Nyamukau. Salongo ikitupeleka upande ule, najificha mapema. Sasa hivi ninasoma sana, Shangazi, na usiku nalala.

Hélène

*

Bunia, 25 Aprili 1978

Yaya Alphonsine,

Barua hii ni fupi kwa kuwa mkono wangu unachoka upesi.

Kuna jambo linanitesa. Tangu mwezi wa pili naletewa chakula mara mbili kwa juma, katika sahani ya bati yenye maua mekundu, na hakina jina. Hapa kila sahani inaitwa kwa jina mlangoni, "ya fulani, kutoka kwa fulani." Yangu haisemwi imetoka kwa nani. Namwuliza mlinzi Roger, anatazama pembeni na kusema, "Ni mutu tu, muzee. Kula." Mara ya kwanza nilikaribia kula, harufu ilikuwa nzuri mno. Kisha nikafikiri. Ni nani Bunia anayejua niko hapa na ananitakia mema? Assani yuko njiani siku zote. Hélène hajui. Anayejua ni yule mkubwa wa zone, na anajua kwamba siku nikisimama mbele ya mwamuzi nitasema ile amri ya phonie ilivyokuwa. Kabla yangu kulikuwa na karani mmoja humu, wanasema alikula sahani ya namna hiyo, hakumaliza juma.

Kwa hiyo simpi mtu, nisije nikaua mwenzangu. Nakimwaga chooni, naosha sahani na kuirudisha. Mama alitufundisha kutorudisha sahani chafu, na sikutaka wajue nimewashtukia. Wenzangu wananiona kichaa. Ninaishi kwa kile cha akina mama wa kanisa na vipande wanavyonipa wenye ndugu.

Miguu imevimba kwa njaa, na uso pia. Nikibonyeza kwa kidole, alama inabaki. Usimwambie mtoto. Mtihani umekaribia.

Katsuva

*

Butembo, 24 Mei 1978

Katsuva, ndugu yangu,

Barua yako ya mwezi wa nne imenifikia leo. Assani alilala na gari kwenye matope ya upande wa Komanda mpaka wakamzoea kama mwenyeji. Leo simpi hata nafasi ya kunywa chai, anageuka sasa hivi na karatasi hii.

Kula hicho chakula.

Kula, nakuambia. Ni cha Hélène. Ni mtoto wako anayepika, tangu siku alipokuona unachota maji Nyamukau. Anajua yote. Alificha jina ili usijue kwamba anajua, kwa kuwa wewe ulimficha, na mimi mjinga niliwaficha ninyi wawili. Ile sombe ni ya mama yetu, nilimfundisha mimi mwenyewe, haina kitunguu. Nilisema ukionja tu utajua. Sikufikiri kwamba hutaonja.

Anafurahi, Katsuva. Ameniandikia kwamba sahani inarudi safi. Mimi sijui nitamwambia nini. Wewe kula tu, anza leo, anza na uji kidogo kwanza, na umtume Roger amwite. Mambo ya aibu tutayamaliza baadaye, tuna umri wa kutosha kuaibika wote watatu.

Yaya yako,
Alphonsine

*

Bunia, cachot, Alhamisi 8 Juni 1978

Hélène, mama yangu,

Safari hii naandika mahali nilipo kweli. Assani amefika leo mchana na barua ya Shangazi yako. Sasa najua kwamba unajua.

Nisamehe, sahani ya jana niliimwaga. Barua ilikuwa bado njiani. Zile nyingine zote pia nilizimwaga, na lazima ulisikie kutoka kwangu, usilisikie kwa Roger. Niliogopa chakula kisicho na jina. Ungeandika jina lako juu yake ningekula hata majani. Lakini ungeandikaje, na aliyeanza kuficha ni mimi? Usijilaumu. Nakuagiza kama baba, usijilaumu.

Uliniuliza kama mto wangu haujai. Uliniuliza vizuri. Katika barua zangu sikuthubutu kuujaza. Kila nilipotaka kuandika kwamba maji yamepanda, niliwaona Kule na Alexis. Kwa hiyo nikauacha na mchanga wake, mwezi baada ya mwezi, kama siku ile haijafika. Mtihanini usifuate barua zangu. Ituri inajaa mwezi wa nne na wa tano, na inajaa tena vibaya sana mwezi wa kumi na wa kumi na moja.

Sasa nisikilize. Jumapili upike. Sombe ile ile, kidogo tu, tumbo langu limesahau kazi. Njoo mwenyewe mlangoni na utaje jina langu na jina lako kwa sauti, niyasikie kutoka ndani. Nitakula mbele ya watu wote. Safari hii sahani sitaiosha, nitakurudishia na alama za vidole vyangu, uone nimekula kweli.

Nimefurahi, Hélène. Nilidhani katika mji huu hakuna anayenijali isipokuwa wanaotaka nife. Kumbe ni wewe ulikuwa unanipikia.

Baba yako,
Katsuva

*

Bunia, 12 Juni 1978

Shangazi,

Barua ya Baba ilinifikia Jumamosi jioni. Sikuweza kuimaliza kwa kusoma mara moja. Nilifika pale aliposema kuhusu zile sahani nikatoka nje, nikarudi, nikasoma tena. Mama Brigitte akanishika. Tukaanza kuchuma majani ya muhogo, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Jumapili.

Nilitwanga mpaka ikalainika kabisa. Sikutia kitunguu. Nikavaa uniforme ya shule, ili akinichungulia aone kwamba bado nasoma. Nikafika mlangoni na watu wengine wenye sahani zao, na zamu yangu ilipofika nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Hii ni ya baba yangu Katsuva. Imetoka kwa Hélène, mutoto wake."

Roger hakuwapo mlangoni. Aliitwa, akaja, akaichukua sahani kwa mikono miwili na kuingia nayo. Nilisimama nikasikiliza kama Baba atakohoa au ataita. Roger alikawia. Nadhani alikuwa anatafuta mtu mwingine wa kuniambia, akakosa.

Aliporudi alisema, "Mama, rudi nayo. Muzee alituacha jana usiku."

Leo tumemzika kule juu, mahali panapoonekana Shari. Assani alichimba pamoja na wanaume wa kanisa. Mtihani nitafanya, Shangazi, usiniulize nitaufanya kwa moyo gani. Wakiniuliza Ituri inajaa mwezi gani nitajibu sawasawa.

Sahani iko hapa mezani ninapoandika. Mama Brigitte anataka kuimwaga, nimemkataza. Tangu mwezi wa pili niliipeleka imejaa na ikarudi tupu, nami nikafurahi. Jana ndiyo mara ya kwanza imerudi imejaa, na bado ilikuwa na moto.

Hélène